Pumzi Isiyotoka

Kibondo,
9 Machi 2024

Mwanangu Felician,

Kukosa pumzi ni hisia ya mtu mwenyewe kwamba kupumua kwake kumekuwa kazi, au hakutoshelezi haja yake. Zingatia kila neno. Ni hisia, si kipimo. Ni ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo muuguzi anaweza kuhesabu mipumuo, akaona pua zinatanuka na misuli ya shingo inavutika, na bado akawa hajaiona hisia hiyo. Ameona dalili zake tu. Yuko anayepumua haraka asilalamike, na yuko anayelalamika ilhali kila kipimo kiko sawa. Wote wawili ni wagonjwa wako. Andika hivyo kwenye mtihani, na mwalimu akikukata alama niletee jina lake, huenda nilimfundisha.

Nimetanguliza fasili kwa kuwa uliiomba mara mbili, nami sipendi kumweka mwanafunzi akingoja huku namuuliza habari za mvua. Sasa nikusalimu. Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa masikio. Simu imebaki kelele tupu: nasikia kwamba mtu anaongea, sisikii anasema nini. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nakutaka uandike badala ya kumpigia mama yako na kumwambia "mwambie Shangazi". Barua hii anaileta Abdulrahmani, kondakta wa basi la asubuhi. Zijazo mwulize mara mbili, maana huziweka kwenye koti kisha hubadilisha koti.

Baba yako alikuja wiki iliyopita kutoka Busunzu. Kutoka alipoteremka kwenye pikipiki hadi mlangoni kwangu alipumzika njiani, akijifanya anatazama migomba yangu. Migomba yangu haina cha kutazamwa. Kifua chake kimekuwa kipana kama pipa, mbavu zimelala, na anapumua kwa mabega. Masikio yangu hayawezi tena kusikia mluzi wa kifua, kwa hiyo niliweka viganja mgongoni mwake, nikaona: hewa inaingia upesi, inatoka polepole, na kabla haijaisha kutoka anavuta nyingine.

Mara mbili amemeza dawa za kifua kikuu, na mara zote mbili makohozi hayakuonyesha kitu. Siwalaumu waliompa. Katika nchi yenye kifua kikuu, kila kikohozi kirefu hupewa jina hilo. Lakini mtu aliyekesha kwenye bani la tumbaku akichochea moto ili majani yakauke, kisha akarudi kulala kando ya mafiga kwa sababu ya baridi ya milimani, ana ugonjwa mwingine wenye jina lake: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Jifunze huo vizuri.

Utakuja lini?

Shangazi yako,
Yusta


Kasulu,
21 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya Pasaka. Abdulrahmani alikuwa na koti la mvua. Nashukuru Mungu hapa tuko salama. Mvua imebomoa choo cha wanaume cha bweni, chakula ni kilekile. Tumepelekwa wodini kwa mazoezi na ninashinda wodi ya wanaume, upande wa vifua.

Nafanya mazoezi pamoja na Therese, mama wa Kikongo kutoka kambini Nyarugusu aliyekuwa muuguzi kwao na sasa ni mhudumu wa shirika moja. Jana aliniona nimesimama kando ya mgonjwa nikimhesabia mipumuo, nami nimebana yangu bila kujua. Akanicheka mbele ya wodi nzima: "Weye Felicien! Mugonjwa iko anapumua, weye njo hauko unapumua. Tutatia nani kwa kitanda?" Hata mgonjwa alicheka, kisha akakohoa, tukamkalisha.

Shangazi, nina swali ambalo sijaliuliza darasani kwa kuogopa kuonekana sijasoma. Tumefundishwa kwamba kuvuta hewa ni kazi: kiwambo kinashuka, mbavu zinapanda, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kutoa hewa, mtu akiwa ametulia, hakuhitaji kazi. Mapafu hujirudi yenyewe kama mpira uliovutwa ukaachiwa. Basi ikiwa kuvuta ndiyo kazi na kutoa ni kupumzika, kwa nini Baba hushindwa mahali pa kupumzika?

Na nina la pili. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani ana kifua kama ulivyokieleza cha Baba. Daktari alimweleza binti yake kando, nami nilikuwa nimeshika faili. Sikupenda nilichosikia. Shangazi, wewe umeona wengi. Baba ataishi muda gani?

Msalimie Mama ukimwona. Mwambie sweta alilotuma linanitosha.

Mwanao,
Felician


Kibondo,
30 Mei 2024

Mwanangu Felician,

Nimepokea yako, na nafurahi kwamba yupo mtu wa kukucheka. Muuguzi asiyechekwa mapema huja kuogopwa baadaye. Maharage yamekauka, mama yako Consolée ameyaanika kwenye turubai uani kwangu kwa sababu Busunzu bado kunanyesha. Baba yako yuko naye. Nimewaambia wakae hapa hadi kiangazi. Napikia gesi, na nyumba yangu haina moshi. Yeye analalamika kwamba nyumba isiyo na moshi haina mwenyewe.

Swali lako ni zuri, nami ningelipenda uliulize darasani. Kosa liko kwenye neno "mpira". Mapafu si mpira mmoja. Ni vifuko vidogo visivyohesabika, na kuta za vifuko hivyo ndizo zinazovuta njia ndogo za hewa pande zote ili zisinywee. Fikiria turubai la kambini lililosimamishwa kwa kamba. Kamba zikiwa nzima, turubai linabaki wazi. Kata kamba moja moja, mwaka baada ya mwaka, kwa moshi. Siku za mwanzo hakuna anayeona. Kisha upepo mdogo tu, turubai linalala.

Baba yako anapovuta hewa, kifua kinapanuka na kuzifungua njia hizo kwa nguvu. Anapotoa, hasa akitoa kwa haraka na kwa hofu, shinikizo la kifua linazibana, na kwa kuwa hazina tena cha kuzishikilia, zinajifunga hewa ikiwa bado ndani. Hewa hiyo imekwisha kutumika. Juu yake anavuta nyingine. Anajaa, Felician. Watu wanadhani mgonjwa huyu ana upungufu wa hewa kifuani. Yeye ana hewa nyingi mno, isiyotoka. Anachohitaji ni nafasi.

Dawa ya kuvuta husaidia kidogo. Kinachosaidia bila duka ni kutoa hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa, ili shinikizo lirudi nyuma na kuzishikilia njia wazi. Nilijaribu kumfundisha baba yako kwa mfano wa kuzima mshumaa. Akasema si Krismasi. Ndipo alipofika rafiki yake Nkunzimana, yule Mrundi wa Mabamba, na dumu la urwarwa, pombe ya ndizi, na kila mmoja akatoa umuheha wake, ule mwanzi wa kunywea pombe chunguni. Nikamwambia kaka yangu Venanti, "Weka mwanzi mdomoni. Badala ya kuvuta, toa hewa kupitia humo, taratibu, mpaka tumbo liingie."

"Ndani ya chungu?" akauliza Nkunzimana, naye ameshtuka kweli. "Dada Yusta, anayepuliza ndani ya chungu hunyang'anywa mwanzi."

"Pembeni ya chungu."

"Miaka yote hii nilidhani dada yangu hanipendi," akasema Venanti, akipumzika katikati ya maneno kama afanyavyo siku hizi. "Kumbe ananipenda. Amenipa mwanzi. Amesahau pombe tu."

Lakini alifanya. Akatoa hewa kupitia mwanzi, mara ya tatu mabega yakashuka, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyetua mzigo. Nkunzimana aliinua dumu akakijaza chungu mbele ya rafiki yake mpaka povu likamwagika mkekani, ingawa alijua mwenzake ataonja tu. Kwao na kwetu ni mamoja: chungu cha mtu unayemheshimu hakikai chini ya ukingo. Ukimtilia nusu, umemwambia jambo.

Sijakusikia kuhusu likizo. Utakuja lini?

Shangazi yako,
Yusta


Kasulu,
14 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mitihani ilitukaba, kisha maji yakakatika chuoni, kisha nikaugua malaria kidogo, nimepona. Fasili yako niliiandika neno kwa neno. Mwalimu aliweka alama ya vema na pembeni akaandika, "Nani kakufundisha?"

Ule mfano wa turubai niliutumia kumwelewesha binti wa yule mgonjwa wa dirishani. Baba yake alifariki wiki iliyofuata. Binti alinishukuru hata hivyo, nami sikujua pa kuiweka shukrani hiyo.

Hujanijibu swali langu la pili. Naelewa.

Ila nina jipya. Wodini kwetu tumepata mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, haina haja ya mtungi. Nimeona watu wakiletwa na nimonia, midomo ya buluu, wakawekewa mipira ya pua, na baada ya muda mfupi wanaomba uji. Ni kama kuona taa ikiwashwa. Kwa nini Baba asipewe? Tena si kidogo kidogo. Apewe ya kutosha, ashibe, alale. Mama aliniambia kwenye simu kwamba anaketi usiku kucha ameegemea meza.

Kuhusu likizo, ratiba haijatoka.

Mwanao,
Felician


Kibondo,
19 Agosti 2024

Mwanangu Felician,

Pokea salamu za mama yako, ambaye ndiye anayepika kwa ajili ya mgonjwa. Ndiyo, mgonjwa. Vumbi la mwezi huu na baridi ya alfajiri vimempata baba yako. Makohozi yaligeuka rangi, akawa hawezi kumaliza neno. Tumemlaza hospitali. Anapata dawa za bakteria, za kutanua njia za hewa, na oksijeni. Anaendelea vema kwa kiasi. Ratiba yako ikitoka, nijulishe.

Sasa kuhusu hamu yako ya kumshibisha. Soma polepole, kwa kuwa hapa wanafunzi wengi huua wakidhani wanaponya.

Mgonjwa wa nimonia ambaye mapafu yake yalikuwa mazima tangu awali, mpe oksijeni mpaka kipimo cha kidoleni kisome tisini na nne au zaidi. Mgonjwa kama baba yako, lengo ni themanini na nane hadi tisini na mbili, na usivuke. Kwa nini? Mapafu yana akili yake. Penye vifuko visivyopata hewa safi, mishipa midogo ya damu hujibana ili damu ipelekwe penye hewa nzuri. Ukimwaga oksijeni nyingi, mishipa ile inalegea, damu inarudi penye vifuko vilivyoziba, na kaboni dayoksaidi haitoki. Damu iliyojaa oksijeni nayo huachia kaboni dayoksaidi iliyokuwa imeibeba. Na ubongo uliokuwa ukisukumwa na njaa ya oksijeni nao hupunguza juhudi. Walimu wetu wa zamani walitufundisha sababu hii ya mwisho peke yake, lakini ni sehemu ndogo ya jambo. Matokeo ni mamoja. Mgonjwa anatulia. Uso unakuwa mwekundu kidogo, mikono ina joto, mapigo yanaruka. Anasinzia. Kipimo cha kidoleni kinasoma vizuri mno, kwa sababu hakipimi kinachomuua.

Kwa hiyo amewekewa lita moja kwa dakika, nami nimebandika plasta nyeupe kwenye kipimo cha mashine, mahali ule mpira mdogo wa kuonyesha lita unapopaswa kuelea. Wauguzi wa zamu wamenikubalia. Nkunzimana, ambaye amekuja kukaa naye zamu za mchana ili mama yako apate kupika, aliitazama plasta ile kama tusi.

"Lita moja?" akasema. Alinisogelea ili nimsikie. "Mashine inafika hadi tano. Hewa ya Mungu mnampimia kama chumvi?"

Nikamweleza. Akaitikia kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mwalimu wanaposubiri kengele.

Kaka yangu ndiye aliyesikiliza. Aliuliza maswali manne, kwa vituo. Aliuliza kwa nini moja na si tano. Nikamjibu. Aliuliza, "Ikifunguliwa yote nitajisikiaje?" Nikamwambia atajisikia vizuri, kisha atasinzia, hewa iliyotumika itabaki ndani na kumlevya. Akauliza, "Kama pombe?" Nikasema kama pombe, ila mlevi huamka, na yeye huenda asiamke. Sijapata kumficha mgonjwa elimu inayohusu mwili wake, na sikuona sababu ya kuanza na kaka yangu.

Swali la nne lilikuwa dogo.

Shangazi yako,
Yusta


Kasulu,
2 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sitarefusha salamu, unisamehe.

Mama amenipigia. Baba mdogo Stanislaus amenipigia. Kila mmoja anasema lake, na wote wanaishia kwa Nkunzimana. Kwamba alikuwa peke yake na Baba, akafungua koki mpaka mwisho. Kwamba plasta ilikuwepo, mbele ya macho yake, nyeupe. Baba mdogo anasema Mrundi yule hatakanyaga tena ua wetu, na kwamba wapo vijana Busunzu wanaosema maneno mengine, ya kwamba urafiki wa miaka yote ulikuwa na shabaha, kwamba mtu huua kwa mkono wa huruma. Anataka apelekwe kwa mtendaji wa kata. Ameniambia, "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Andika karatasi, utie sahihi kwamba kilichofanyika kinaua." Ninaweza kuandika, Shangazi. Ninaijua sababu, umenifundisha wewe. Nikiandika, nitakuwa nimeandika kweli tupu.

Kinachonikata maini ni alichonisimulia Mama. Kwamba alifika na uji akamkuta Baba amelala chali, bila kuegemea kitu, kinywa kimefunguka kama mtoto. Kwamba kile kipimo cha kidoleni kilisoma tisini na tisa, naye akapiga makofi. Alimwambia Nkunzimana, "Tisini na tisa! Huyu hata shuleni hakuwahi kuzipata!" Wakacheka wote wawili, kwa sauti ya chini, wasimwamshe.

Umeniuliza lini nitakuja, tangu Machi, nami nimekuwa nikikujibu kwa ratiba. Ratiba ilitoka Juni. Nimewageuza kitandani wanaume wengi wenye vifua kama cha Baba. Nikiona mtu sokoni, kabla sijamwona sura nimekwisha kuona anapumua kwa mabega. Naogopa kuingia chumbani kwa Baba nikaanza kumhesabia badala ya kumwamkia. Nimechoka, na bado sijawa hata muuguzi.

Niambie ulichokiona wewe. Kisha niambie kama niandike karatasi ile.

Felician


Kibondo,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Felician,

Baba yako yu hai. Naliweka hili kwanza, ingawa unalijua, kwa sababu barua yako na simu za Stanislaus zinazungumza kama watu waliotoka mazishini. Amekaa kwenye kiti changu akimenya viazi ovyo. Mama yako amekwenda Busunzu kupanda. Mvua za kwanza zimeanguka. Nami ni mzima, nimechoka kama wewe, kwa sababu nyingine.

Umeuliza nilichokiona. Niliingia wodini saa kumi jioni. Walikuwa wananong'ona kwa furaha. Kaka yangu amelala chali, jambo ambalo kifua chake hakiliruhusu. Uso una wekundu. Nilishika mkono: wa moto, mapigo yanaruka. Nikainua vidole vyake, vikapigapiga kama bawa. Mpira mdogo ulikuwa juu kabisa. Sikuizima mashine, kwa kuwa kuizima ghafla ni kosa la pili na hushinda la kwanza. Niliirudisha kwenye plasta, nikamwita daktari, tukamkalisha, nikaanza kumwita kwa jina la utotoni. Aliitikia kesho yake.

Kisha nikauliza, mmoja mmoja.

Nkunzimana alikuwa ameketi nje ya uzio wa hospitali, kwa sababu Stanislaus alikuwa amemfukuza ndani. Nilimwambia aseme kwa sauti, maana mimi ni kiziwi na sitaki kujazia maneno mwenyewe. Akasema, "Aliniomba nimjazie. Alisema, 'Rafiki yangu, leo nijazie kama unavyonijazia siku zote.' Mimi nimekunywa naye tangu mwaka tuliovuka mpaka. Hajawahi kuniomba, mimi hujaza kabla hajaomba. Akiomba, nimuulize kwa nini?"

Nikamuuliza kama aliielewa plasta.

"Niliielewa. Ni alama yako. Yeye ndiye mwenye chungu."

Sikuona uovu ndani yake, na nimetazama nyuso za watu wanaodanganya wodini kwa muda mrefu kuliko umri wako. Kosa lake ni la mtu aliyelelewa vema, kama sisi sote: hawezi kumtazama mtu anayempenda akiwa na kipimo cha nusu. Mama yako alipiga makofi kwa kosa hilohilo, kwamba namba kubwa ni heri. Hata wewe, mwezi wa Julai, uliniandikia apewe ya kutosha, ashibe, alale. Soma nakala yako kama unayo.

Kwa hiyo usiandike karatasi. Itakuwa na kweli tupu, kama usemavyo, na itampeleka mtu asiye na hatia kwa watu waliokwisha kumhukumu kwa sababu ya upande aliozaliwa. Nimemwandikia Stanislaus mwenyewe. Nimemwambia kwamba kama kuna wa kushtakiwa, aanze na aliyemweleza mgonjwa kila kitu. Hajajibu. Nkunzimana amerudi Mabamba, na baba yako anatazama njia.

Kwa kaka yangu nilikwenda mwisho. Nilimuuliza, "Uliomba hewa, au uliomba kulala?"

Alitumia mwanzi wake kwanza. Anao mfukoni siku zote. Kisha akasema, "Nililala, dada. Unajua tangu lini sijalala? Niliota niko kwenye bani, moto umezimika, na sina haja ya kuuwasha."

"Sikukuuliza uliota nini."

"Najua ulichouliza," akasema, akatabasamu, na akarudi kumenya viazi.

Nimelipima jibu hilo. Mtu mwenye kiu ya hewa anaomba hewa. Hilo ni la mwili, halina nia nyingine. Na kaboni dayoksaidi ikizidi hata kidogo hupotosha fikra, kwa hiyo huenda aliyeomba hakuwa yeye kamili. Hayo ndiyo maelezo mawili ninayoweza kuyatetea mbele ya darasa. Lakini sikukuandikia swali lake la nne, nami nadaiwa. Baada ya kumwambia kwamba huenda asiamke, aliitazama koki, akaniuliza, "Je, inauma?" Nikamjibu kwa mujibu wa elimu. Nilisema hapana. Ningeweza kumuuliza kwa nini anataka kujua. Nilikuwa nimechoka, na jibu lilikuwa sahihi.

Kituo cha afya kiko tayari kutuazima mashine ya kukaa nyumbani, hapa kwangu, kwa kuwa Busunzu umeme wa jua hautoshi. Anastahili: kwa lita moja, kwa saa nyingi za siku, moyo wake utapata nafuu na huenda akaongezewa miaka. Hili ndilo jibu la swali lako la Aprili, nisilolipenda: miaka, kama koki itabaki kwenye plasta. Mimi usiku sisikii. Hata mpira ule ukipanda hadi juu na mashine ikanguruma, sitasikia. Nimemwambia daktari nitampa jibu utakapofika, kwa sababu koki hiyo haiwezi kuwekwa kando ya kitanda cha baba yako bila mtu wa pili ndani ya nyumba, na kwa sababu amekutaja wewe. Alisema, "Felician akija nitamuuliza yeye. Wewe dada umenijibu upesi mno."

Njoo basi. Ukimhesabia mipumuo atakusamehe, atadhani unamtazama. Lakini jiandae njiani, maana swali atakalokuuliza nalijua, nawe unalijua sasa. Atakuwa ameketi mbele yako, mashine kati yenu, akupe muda wa kuvuta pumzi kwanza. Fasili unayo, sababu unazo, vipimo vyote umevikariri, na jibu la elimu halijabadilika tangu Agosti. Baba yako akikuuliza kama inauma, utamjibu nini?

Shangazi yako,
Yusta